Mashine Mpya Haipokewi Mpaka Ijaribiwe

Ndugu Wanachama,

Tangu zilipoingizwa ofisini kwetu seva tatu za kuwekea daftari la Chama, wanachama wengi wametuuliza kwa nini hazijaanza kazi. Wengine wamesema kwamba mashine ni mpya, zimetoka kiwandani na karatasi zake, na muuzaji ameshazifunga na kuziwasha mbele ya Kamati. Basi kungojea siku kumi na nne ni kupoteza wakati na fedha za umeme. Suali hili ni la haki, na wenye kuuliza ndio wenye mali. Twaona yatupasa tulijibu kwa urefu, ili kila mwanachama ajue ni nini kinachofanywa katika chumba kile, na kwa nini Kamati haikukubali kutia sahihi karatasi ya mapokezi siku ile ile mashine zilipofungwa.

Kwanza tukumbushane zitakazowekwa humo. Ni majina ya wanachama wote, idadi ya mikarafuu ya kila mmoja, mikopo ya msimu, na uzito wa kila gunia lililopita katika mizani yetu. Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Na daftari lenye makosa ni baya zaidi kuliko kukosa daftari, kwa sababu lisilokuwapo hutafutwa, lakini lenye makosa huaminiwa.

KOSA MOJA DOGO

Kompyuta haiandiki hisabu kama tuandikavyo sisi. Kila namba huiweka kwa mafungu ya moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili. Kila fungu lina nafasi yake, na nafasi hiyo ama imewashwa ama imezimwa. Tuchukue mwanachama aliyeleta kilo 72 za karafuu kavu. Katika mashine, 72 ni fungu la 64 na fungu la 8. Ikiwa nafasi ya 64 itazimika peke yake kwa ubovu wa kifaa, mtu huyo atakuwa ameandikiwa kilo 8. Hapana king'ora kitakacholia, wala karatasi haitachanika. Atapokea malipo ya kilo 8 na kuambiwa ndivyo mashine ilivyosema.

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 2003 katika uchaguzi wa Ubelgiji, katika mji wa Schaerbeek, mgombea mmoja alihesabiwa kura 4,096 zaidi ya zile alizopigiwa. Kosa lilitambulikana kwa kuwa hisabu yake ilipita kiasi kilichowezekana. Waliochunguza walizijaribu mashine na programu wasione ubovu, lakini waliona kuwa 4,096 ni moja katika mafungu yale ya kuzidisha mara mbili. Moja ikizidishwa mara mbili kwa mara kumi na mbili ndipo huifika. Maelezo yaliyokubaliwa ni kwamba nafasi moja katika kumbukumbu ya mashine iligeuka yenyewe.

Kwa ajili hii kuna kumbukumbu za namna mbili. Moja ni ya kawaida, na ya pili ina nafasi za ziada za kujikagua, ambazo nafasi moja ikigeuka huirejesha, na mbili zikigeuka hupiga kelele. Mwaka 2009 wachunguzi wa chuo kikuu cha Toronto na wa Google walichapisha hisabu ya miaka miwili na nusu katika seva za Google. Waliona kwamba kiasi cha theluthi moja ya mashine hupata kosa moja au zaidi la namna hiyo katika mwaka. Na chuo cha Virginia Tech huko Marekani kiliunganisha kompyuta 1,100 mwaka 2003, zikashika nafasi ya tatu duniani kwa wepesi wa kuhesabu. Lakini kumbukumbu zake hazikuwa za kujikagua, na mwaka 2004 kompyuta zote zikabadilishwa kwa nyingine zenye kumbukumbu za namna hiyo. Kwa hivyo jambo la kwanza tulilolitazama siku masanduku yalipofunguliwa ni kama kumbukumbu tulizoletewa ni zile tulizoziagiza. Ndizo.

MICHE NA MASHINE

Wako wanaodhani kwamba kifaa kipya ndicho salama zaidi, na cha zamani ndicho cha kuogopwa. Mkulima wa karafuu ana sababu ya kujua zaidi ya hapo. Mche wa mkarafuu hufa zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Ukishapita hapo husimama miaka mingi, mpaka ufikie uzee wake. Vifaa vya kompyuta vina desturi kama hiyo. Vyenye ila ya kiwandani hufa mapema, vilivyosalia hukaa kwa amani, kisha uchakavu huja. Google walipotazama diski zaidi ya laki moja, katika ripoti ya mwaka 2007, waliona kwamba zile zilizotumiwa kwa nguvu ziliharibika kwa wingi zaidi katika miezi mitatu ya kwanza.

Hii ndiyo maana ya majaribio yetu. Twazifanyisha mashine kazi nzito kupita ile zitakayoifanya msimu wa mavuno, ili chenye kufa kife sasa, kingali mikononi mwa muuzaji na kabla ya kuingizwa jina la mtu hata mmoja.

MAMBO YANAYOFANYWA

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu. Kila kifaa kililinganishwa na hati ya kuagizia: vipande 24 vya kumbukumbu, diski 12, nyaya na betri. Namba za viwandani ziliandikwa katika daftari. Tena fundi alihakikisha kwamba programu za ndani za seva zote tatu ni za toleo moja, kwani seva zinazofanya kazi pamoja hazipatani vyema zikiwa na matoleo mbalimbali.

Kisha ikaja zamu ya kumbukumbu. Iko programu ya siku nyingi iitwayo Memtest86, ambayo huandika alama maalumu katika kila nafasi, ikarudi kuzisoma, kisha ikageuza alama na kuanza tena. Ziko ila zisizoonekana mara ya kwanza ila baada ya chombo kupata moto na kazi kurudiwa, kwa hivyo tuliiacha iende usiku na mchana. Usiku wa tatu, seva ya pili ilionyesha makosa katika kipande kimoja, mahali pale pale kila mara. Fundi alikihamisha kipande kile kwenye tundu jingine, na makosa yakahama pamoja nacho. Hapo ilijulikana kwamba ubovu ni wa kipande chenyewe wala si wa tundu. Muuzaji amekibadilisha bila ya malipo, na seva ile ikaanza jaribio upya tangu mwanzo.

Wanachama wapime jambo hili wenyewe. Mashine ile iliwashwa mbele ya Kamati ikawaka vizuri, na taa zake zote zilikuwa za kijani. Lau karatasi ingetiwa sahihi siku ile, ubovu huu tungeukuta katikati ya mavuno, ndani ya daftari la watu.

Baada ya hapo hujaribiwa prosesa, yaani kile kinachofanya hisabu yenyewe. Programu tunayoitumia yaitwa Linpack, ambayo asili yake ni kazi ya Jack Dongarra na wenzake wa Marekani, na ndiyo inayotumika tangu mwaka 1993 kupangia daraja kompyuta kubwa za dunia. Huipa mashine milinganyo maelfu na maelfu iitatue, na mwisho jibu hurudishwa katika milinganyo ili kuona kama linaafiki. Kwetu wepesi si shabaha. Twataka majibu yawe sawa, na seva tatu zilizo sawa zimalize kwa wakati unaokaribiana. Moja ikichelewa sana, ina kasoro. Mara nyingi ni joto, kwa kuwa prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kwa hivyo kila saa huandikwa joto la chumba na joto la mashine, na saa za adhuhuri huzimwa kiyoyozi kimoja makusudi ili ionekane kama cha pili kinatosha.

Pengine mtu atauliza kama prosesa inaweza kukosea kuhesabu. Naam, inaweza. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabu wa chuo cha Lynchburg huko Virginia, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea katika kugawa baadhi ya namba. Sababu yake ilikuwa jedwali la ndani lililokosa baadhi ya namba. Mwezi wa Desemba mwaka ule Intel ilitangaza kubadilisha prosesa hizo kwa kila atakaye, na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili hiyo. Na mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza prosesa moja yao iliyokuwa nzima katika mambo mengi, ila ilipoambiwa ichukue 1.1 zilizo 53 na kuzizidisha zote pamoja, badala ya kutoa 156 ilitoa sifuri. Kwa sababu ya sifuri hiyo, majalada yaliyokuwa na maandishi yalihesabiwa kuwa matupu, na khabari zikapotea pasipo onyo lolote. Mwaka huo huo wahandisi wa Google waliandika kwamba nao hukuta prosesa chache za namna hiyo katika kila maelfu kadhaa ya mashine. Seva zetu ni tatu tu, na uwezekano ni mdogo. Lakini mdogo si sawa na hapana, na jaribio halina gharama kubwa.

Ama diski, kila moja huandikwa yote tangu mwanzo mpaka mwisho, ikasomwa tena na kulinganishwa. Kazi hii haina budi kufanywa sasa, kwani hufuta kila kilichomo, na haiwezi kufanywa baada ya kuingizwa khabari za wanachama. Baadaye diski moja huchomolewa mashine ikiwa kazini, ili tuone kama kazi huendelea na kama diski mpya ikitiwa hujazwa upya ipasavyo.

Vile vile mawasiliano. Seva tatu ni jozi tatu: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Kila jozi ilipelekeana mizigo mikubwa kwa muda wa saa nyingi. Jozi mbili zilikwenda kwa mwendo mmoja, na moja ikaenda kwa sehemu ya kumi tu ya mwendo huo. Sababu ilikuwa ni waya mmoja uliobanwa vibaya kichwani. Bei ya waya ni ndogo, lakini ungaliachwa, kila kazi ingalikuwa nzito na kila mtu angalilaumu mashine.

UMEME

Katika visiwa vyetu hapana haja ya kueleza umeme kukatika. Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme wa gridi mwaka 2008, na tena kiasi cha miezi mitatu tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Waya mpya za chini ya bahari zimeleta nafuu, lakini mashine hazina budi kupangwa kwa siku ya taabu.

Kila seva ina njia mbili za kuingizia umeme, ili moja ikifa ya pili ishike. Tulipochomoa njia ya kwanza ya seva ya tatu, mashine ilibaki ikiwaka, ikawa sawa. Lakini tulipozima betri moja ya akiba, seva ile ilizimika mara moja. Ilionekana kwamba njia zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa katika betri ile ile. Ni sawa na mtu mwenye milango miwili ya nyumba, yote ikiwa imetiwa kufuli moja. Nyaya zimekwisha kupangwa upya, na jaribio likarudiwa hata kila seva ikabaki kazini betri yoyote inapozimwa. Lililobakia ni kukata umeme wa jengo zima na kupima kama betri zinatosha mpaka jenereta lishike kazi.

KWA NINI TATU

Baadhi ya wanachama wameuliza kwa nini hatukununua mashine moja kubwa, au mbili. Moja ikifa, kazi husimama. Mbili zikikatikiana mawasiliano, kila moja yaweza kudhani kwamba mwenziwe amekufa, na zote zikaandika daftari mbalimbali. Kisha hapana ajuaye lipi ni la kweli. Lakini zikiwa tatu, amri hufuata wengi. Mbili zinazoonana huendelea na kazi, na ile iliyotengwa hunyamaza isiandike kitu. Ni kama Kamati yetu, haipitishi jambo mpaka akidi itimie.

Lakini kusema kwamba hunyamaza hakutoshi, lazima tuone kwa macho. Kwa hivyo makarani wataingiza uzito wa majaribio, gunia baada ya gunia, na katikati ya kazi tutaizima seva moja ghafla. Baadaye kila stakabadhi iliyotolewa italinganishwa na daftari. Stakabadhi moja ikitolewa na daftari isiionyeshe, jaribio limeshindwa. Siku ya pili hatutaizima seva, bali tutaukata waya wake wa mawasiliano ikiwa hai, na itatubidi kuiona ikikataa kuandika. Majaribio haya mawili yatafanywa kwa kila seva kwa zamu yake.

La mwisho ni nakala ya akiba. Daftari la majaribio litanakiliwa, nakala ikapelekwa nje ya jengo, seva zikafutwa, kisha daftari lirejeshwe kutokana na nakala. Jumla ya kilo kabla na baada lazima ziwe moja. Nakala ambayo haijapata kurejeshwa ni ahadi tu, wala haijawa akiba.

YASIYOWEZEKANA

Hatutaki kuwadanganya wanachama kwamba siku kumi na nne zitaondoa kila hatari. Wahandisi tuliowataja wameeleza kwamba ziko ila zinazojitokeza baada ya miezi au miaka, na katika visiwa hewa ya chumvi hula vyuma polepole. Kwa hivyo Kamati imekata mashauri matatu. La kwanza, majaribio ya kumbukumbu na prosesa yatarudiwa kila mwaka kabla ya mavuno, kama vile mizani inavyojaribiwa kwa mawe yake kabla ya gunia la kwanza kupandishwa. La pili, msimu mzima wa kwanza makarani wataendelea kuandika daftari la mkono, na kila jioni jumla mbili zitalinganishwa mbele ya mjumbe wa Kamati. La tatu, sehemu ya mwisho ya malipo ya muuzaji haitatolewa mpaka majaribio yote yatimie na taarifa yake iandikwe. Muuzaji hakupendezwa na sharti hili, alitaka sahihi siku ya kwanza. Lakini lilikuwa katika mkataba naye amelikubali.

Gharama ya siku hizi ni umeme, ujira wa fundi na subira. Upande wa pili wa mizani yuko mwanachama mwenye mikarafuu michache, anayetegemea magunia mawili kulipa mkopo na kununua nguo za watoto wa skuli. Mwenye shamba kubwa akipungukiwa kilo 64 atalalamika na kusikilizwa. Mwenye magunia mawili pengine atarudi nyumbani akidhani ni yeye aliyehesabu vibaya.

Daftari la majaribio, lenye kila kosa lililoonekana na namna lilivyotengenezwa, liko wazi ofisini kwa mwanachama yeyote atakayetaka kulisoma, siku zote za kazi. Tunawaomba pia mhifadhi stakabadhi zenu za msimu uliopita. Orodha mpya ikishaingizwa itabandikwa ukutani kabla ya mkutano mkuu, na kila mmoja aje na stakabadhi yake aitazame namba yake mwenyewe. Asiyejua kusoma karani atamsomea, mbele ya shahidi atakayemchagua yeye.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama